Kujaribu beta ya Ubuntu kwenye mashine yako: kuanzia kupakua hadi ripoti kujibiwa

Mwishoni mwa Machi 2024, mhandisi wa PostgreSQL (programu ya hifadhidata) anayeitwa Andres Freund alikuwa akipima kasi ya kazi yake kwenye tawi la Debian, mmojawapo wa mifumo ya Linux, ambalo bado linapikwa. Akaona kuingia kwa SSH, yaani kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wetu tungesema mtandao leo mzito, tukaendelea na shughuli. Yeye alichimba, na tarehe 29 akatangaza kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo iko karibu katika kila Linux, kuna mlango wa siri uliopandikizwa kwa makusudi. Beta ya Ubuntu 24.04, yaani toleo la majaribio la mfumo huo wa Linux, ilikuwa itoke tarehe 4 Aprili. Ikasogezwa hadi tarehe 11, ili vifurushi (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa) vilivyokuwa vimetengenezwa katika kipindi hicho vitengenezwe upya.

Naanza na kisa hicho kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za beta huuliza ina sura gani mpya. Swali hilo litajibiwa na picha za skrini zilizojaa mtandaoni. Kazi ya mjaribu ni nyingine: ni kukaa na mfumo ambao haujakomaa, kwenye mashine yako mwenyewe, ukiwa macho kwa kila kinachokwenda kombo, kisha kumwandikia anayeweza kukirekebisha. Wahandisi wa Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, wana maabara na kompyuta nyingi. Hawana ile kompyuta mpakato uliyonunua ikiwa imeshatumika, yenye modemu ya USB, betri iliyochoka, na lugha ya Kiswahili. Usipoipima wewe, toleo litatoka bila mtu kuijaribu.

Mwongozo huu nauandika kwa Ubuntu kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Ukiwa mtu wa Fedora au Debian, mpangilio wa kazi ni uleule. Zana za kuripotia ndizo zinazobadilika.

Jua ratiba kabla ya kugusa chochote

Ubuntu hutoka Aprili na Oktoba, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi wake: 24.04 ni Aprili 2024, 24.10 ni Oktoba mwaka huohuo. Mwendo huo ulianza na 4.10, toleo la kwanza kabisa la Oktoba 2004, na ulivunjwa mara moja tu, mwaka 2006, toleo la Aprili liliposogezwa hadi Juni likaitwa 6.06. Kila baada ya miaka miwili, toleo la Aprili huwa la muda mrefu na huhudumiwa miaka mitano. Mengine yote huhudumiwa miezi tisa tu.

Kwa miaka ya karibuni beta imekuwa ikitoka takriban wiki tatu kabla ya toleo kamili. Wakati huo milango ya vipengele vipya imeshafungwa, kinachopokelewa ni marekebisho. Wiki tatu zinaonekana nyingi, lakini siku za mwisho huguswa kitu kizito tu, kama kusakinisha kunakokwama au data inayopotea. Kwa hiyo panga kujaribu ndani ya wiki ya kwanza. Ripoti nzuri iliyofika siku mbili kabla ya toleo haipotei, ila marekebisho yake yatakuja baada ya watu kuwa wameshapata tabu.

Kama una nguvu ya kujaribu beta moja tu katika miaka miwili, chagua ya toleo la muda mrefu. Hilo ndilo litakalowekwa kwenye kompyuta za shule na ofisi na kukaa humo miaka.

Angalia pia ndugu wa Ubuntu: Kubuntu, Xubuntu, Lubuntu, Edubuntu na wengine. Beta zao hutoka siku moja na ile ya Ubuntu, na timu zao ni ndogo, za watu wanaojitolea. Mashine yako ikiwa na RAM ya GB 4 au chini yake, nenda moja kwa moja kwa Xubuntu au Lubuntu. Utafanya kazi ya maana zaidi huko kuliko kuibebesha mzigo isiouweza.

Uijaribu wapi

Usiijaribu kwenye kompyuta pekee unayoitegemea kwa kazi au masomo. Hili silegezi. Mwaka 2017 Ubuntu 17.10 ilipita hatua zote, ikatoka Oktoba, na Desemba diski yake ya kusakinishia ikaondolewa mtandaoni: draiva moja ya Intel ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, ilikuwa ikiharibu BIOS (programu inayoamsha kompyuta) za baadhi ya kompyuta za Lenovo na nyingine, kiasi kwamba mipangilio ya BIOS haikubali tena kuhifadhiwa. Diski mpya, 17.10.1, ilikuja Januari 2018. Kama toleo kamili liliweza kufanya hivyo, beta haiwezi kudaiwa dhamana.

Unazo njia tatu, na zinafaa kwa mambo tofauti.

Mashine pepe, kwa VirtualBox au GNOME Boxes, ndiyo salama kuliko zote. Ipe RAM ya GB 4, diski ya GB 25 na viini viwili vya prosesa. Inafaa sana kupima kisakinishi, lugha, na usasishaji, kwa sababu unaweza kuhifadhi hali yake, ukaivuruga, ukarudi ulipokuwa. Lakini haikwambii lolote kuhusu Wi-Fi yako, sauti, wala kulala na kuamka, maana vyote hivyo ndani yake ni vya kuigiza.

Kikao cha majaribio kutoka kwenye flashi, kile cha kitufe cha "Try Ubuntu", kinaendesha mfumo bila kuandika kwenye diski yako. Hapa vifaa halisi vinapimwa. Kwa mtu mwenye kompyuta moja tu, hiki ndicho kinachomfaa, na kinatosha kabisa kutoa ripoti yenye uzito.

Kusakinisha kwenye diski ni kwa mwenye mashine ya pili au diski ya ziada. Nakala za mafaili yako ziwe zimetoka kwenye mashine hiyo kabla, zikae kwenye diski iliyochomolewa kabisa. Na kama mashine ina Windows yenye BitLocker, kufuli la diski, andika ufunguo wake wa kurejesha mahali pengine kabla hujagusa mpangilio wa kuwasha, kwa sababu badiliko dogo tu linaweza kukufanya uulizwe ufunguo huo.

Kupakua bila kumaliza bando

Faili la Ubuntu ya kawaida sasa linakaribia GB 6, hivyo andaa flashi ya GB 8 au zaidi. Beta hupatikana releases.ubuntu.com chini ya jina la toleo. Matoleo ya kila siku na yale ya ndugu zake yako cdimage.ubuntu.com. Usipakue kwa kivinjari. Muunganisho ukikatika kwenye GB ya tano utalia. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, utumie wget yenye uwezo wa kuendelea pale ilipokomea:

`wget -c https://releases.ubuntu.com/noble/ubuntu-24.04-beta-desktop-amd64.iso`

Hilo ni jina la faili la beta ya 2024. La kwako utalinakili kutoka kwenye ukurasa wa siku hiyo. Ukikatikiwa, rudia amri ileile. Wenye bando la usiku hapa ndipo linapowafaa.

Siku chache baadaye utataka toleo la siku lenye marekebisho. Usilipakue lote upya. Kuna zana inaitwa zsync, ambayo hulinganisha faili ulilonalo na lile jipya, ikavuta vipande vilivyobadilika tu:

`zsync -i ubuntu-24.04-beta-desktop-amd64.iso http://...`

Mwisho wa amri hiyo weka anwani ya faili lenye kiishio cha `.zsync`, lililoko kando ya ISO (faili la diski unalopakua) kwenye cdimage. Anwani iwe ya http ya kawaida, kwa sababu zsync ya kawaida haielewi https. Nashangaa zana hii haisemwi sana, wakati wanaonunua intaneti kwa megabaiti ndio wanaoihitaji kuliko watu wote.

Halafu hakiki kwamba faili limefika zima. Pakua na faili la SHA256SUMS kutoka folda hiyohiyo, kisha:

`sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing`

Lazima uone jina la ISO likifuatwa na OK. Hatua hii watu huiruka, kisha wanaripoti kisakinishi kinachoganda asilimia 70, na mwenye kupokea ripoti anapoteza jioni nzima akitafuta kosa ambalo limo ndani ya faili lililoharibika njiani. Faili lisipokuwa OK, huna beta mkononi.

Kuandika flashi

Chomeka flashi, andika `lsblk`, amri ya kuorodhesha diski, soma ukubwa wa kila diski polepole. Kisha uchomoe flashi, andika tena `lsblk`, uone ni ipi imetoweka. Ndipo uandike:

`sudo dd if=ubuntu-24.04-beta-desktop-amd64.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

ukiweka herufi sahihi badala ya X. Mara moja niliweka herufi ya diski ya nje yenye picha za familia, na sekunde kumi zilitosha kuziharibu. Tangu hapo sitoi amri hii kabla ya kuchomoa kila kisichohusika. Ukipenda njia yenye vitufe, Rufus kwenye Windows au balenaEtcher zinafanya kazi hiyohiyo.

Wapo wanaotumia Ventoy, inayokuruhusu kubeba ISO kadhaa kwenye flashi moja. Ni nzuri mno kwa kulinganisha toleo jipya na la zamani, na nitairudia. Ila kabla ya kuripoti kwamba beta haiwaki, iandike peke yake kwa dd ujaribu tena, maana Ventoy nayo inaingiza mkono wake katika kuwasha.

Kuingia kwenye orodha ya kuwashia: Dell na ThinkPad ni F12, HP ni Esc kisha F9. Acha Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo wakati wa kuwaka, ikiwa imewashwa kama ndivyo ilivyokuwa. Ukiizima ili mambo yaende, umeficha hitilafu ambayo mwenzio ataikuta.

Dakika arobaini za kwanza

Kabla ya kuwasha, fungua daftari. Naam, daftari la karatasi, kwa sababu mashine ikiganda huwezi kuandika ndani yake, na kikao cha majaribio kikizimwa kinasahau kila kitu. Juu ya ukurasa andika modeli ya mashine, jina la faili la ISO, tarehe yake, na saa uliyoanza. Saa itakufaa baadaye kwenye kumbukumbu za mfumo.

Kisha pita kwenye vifaa. Wi-Fi ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, kila moja peke yake. Sauti kwa spika, kisha kwa vipokea sauti vya waya, kisha vya Bluetooth, na uangalie kama ukivichomoa sauti inarudi kwenye spika yenyewe. Kamera na maikrofoni, kwa kujirekodi. Vitufe vya mwanga wa skrini. Padi ya kugusa kwa vidole viwili. Skrini ya nje au projekta kupitia HDMI, ikichomekwa wakati mashine imeshawaka na ikichomekwa kabla. Printa, kama ipo.

Kulala na kuamka upe muda wake pekee, kwani hapo ndipo mashine za zamani zinapoumia zaidi. Funga kifuniko dakika moja, fungua. Funga dakika kumi, fungua. Rudia ikiwa kwenye betri tu, halafu ikiwa na skrini ya nje. Kila mara angalia vitu vitatu: Wi-Fi imerudi? Sauti imerudi? Padi inajibu? Mpakato wangu wa zamani uliamka vizuri mara nne, mara ya tano ukaja bila sauti. Ningeishia mara ya kwanza ningeandika kwamba kila kitu ni sawa.

Baada ya hapo uulize mfumo wenyewe unalalamikia nini:

`journalctl -b -p err`

Orodha itatoka hata kwenye mashine isiyo na tatizo, hivyo usitishike na kila mstari mwekundu. Tafuta ule unaolingana na saa uliyoiandika kwenye daftari. `lspci -k` itakuonyesha kila kifaa na draiva inayokiendesha. Kifaa kisicho na draiva mbele yake ni mtuhumiwa wa kwanza. `uname -r` itakupa toleo la kerneli, nalo liingie daftarini.

Na kuna hatua moja inayozidi nyingine zote kwa thamani: ukiona hitilafu, washa toleo lililotangulia kwenye mashine ileile, urudie kitendo kilekile. Hapa ndipo Ventoy inapokuokolea muda. Kama sauti ilipotea 24.04 lakini 23.10 ilikuwa nzima, umegundua kitu kilichovunjika hivi karibuni, na mhandisi ana mahali pa kuanzia. Kama zote mbili zinakosa sauti, hilo ni tatizo la siku nyingi na litasubiri zamu yake.

Kusakinisha

Kisakinishi kikikwambia kuna toleo jipya la chenyewe, kubali. Usije ukaripoti kitu kilichorekebishwa jana. Jaribu njia moja ambayo wengi hawaijaribu: kusakinisha bila intaneti kabisa. Kwa nadharia inawezekana, na kwa shule isiyo na mtandao ndiyo njia pekee. Kisha, kama una subira, jaribu kufunga diski nzima kwa usimbaji, yaani data isisomeke bila neno la siri, maana neno la siri huulizwa mapema sana, kabla mipangilio ya kibodi haijatulia, na hapo watu hufungiwa nje ya mashine zao.

Ukisakinisha kwenye diski ya nje, angalia sana programu ya kuwashia inaandikwa wapi. Inaweza kuishia kwenye diski ya ndani, na siku ukichomoa ile ya nje, mashine isiwake. Kama diski ya ndani inatoka kwa skrubu mbili, itoe.

Unapofungua akaunti usitumie jina lako kamili wala neno la siri unalolitumia kwingine. Kumbukumbu za mfumo utakazotuma hubeba jina la mtumiaji na la kompyuta.

Kila kilichotokea wakati wa kusakinisha kinabaki `/var/log/installer/`. Kikikwama katikati, nakili folda hiyo kwenye flashi ya pili kabla ya kuzima.

Yale ambayo sisi ndio tunaoyajua

Umeme hukatika. Wanaotengeneza mifumo hii wengi wao hufanya kazi mahali ambapo jambo hilo ni la nadra. Kwa hiyo lipime, ndani ya mashine pepe. Hifadhi hali, anzisha usasishaji kwa `sudo apt full-upgrade`, na katikati ya kufungua vifurushi izime kwa nguvu. Iwashe. Inafika kwenye skrini ya kuingia? `sudo dpkg --configure -a` inamalizia kazi iliyokatika, au inalalamika? Kama inalalamika, kifurushi kilichotajwa ndicho utakachoripoti. Mtu aliyeko kijijini, fundi wa karibu yuko mji mwingine, hatakuwa na njia nyingine.

Modemu ya USB, au simu iliyounganishwa kwa waya ili kugawa intaneti, inatumika sana huku. Ichomeke, uone inatambuliwa ndani ya muda gani. Weka muunganisho uwe wa kuhesabiwa kwa kiasi cha data, kisha uangalie kama mfumo unaheshimu hilo au unavuta masasisho kimyakimya. Bando la mtu likiisha usiku bila yeye kujua, kwangu hiyo ni hitilafu kama nyingine.

Sasa Kiswahili. Ubuntu inazo kanuni za eneo za `sw_TZ` na `sw_KE`, na mipangilio ya kibodi ya Tanzania na ya Kenya. Ziweke. Angalia tarehe, majina ya siku na miezi, alama ya fedha. Pitia kisakinishi chote kwa Kiswahili kama kimo kwenye orodha ya lugha, ukiangalia maneno yanayokatwa kwa sababu kitufe kimepimwa kwa neno fupi la Kiingereza.

Na soma. Soma kila sentensi kama mtu anayetafuta kosa. Ubuntu 23.10 ilipotoka tarehe 12 Oktoba 2023, diski yake ya kawaida iliondolewa muda mfupi baadaye kwa sababu ndani ya tafsiri za Kiukreni za kisakinishi kulikuwa na matusi ya chuki yaliyoingizwa na mtu mwenye nia mbaya. Kiukreni kina mamilioni ya wasomaji na watumiaji wengi wa Linux, na bado ilitokea. Tafsiri za Kiswahili zina macho machache zaidi ya hapo. Dakika ishirini za kusoma skrini za kisakinishi ni kazi ambayo hakuna mashine itakayotufanyia, na mtu asiyejua amri hata moja anaweza kuifanya. Mpe mama, mpe mwanafunzi, akae na mashine pepe, aseme wapi hakuelewa.

Kuandika ripoti

Fungua akaunti ya Launchpad, tovuti inayopokea ripoti za Ubuntu, kabla ya siku ya kujaribu. Kisha usiandike ripoti kwa mkono kwenye tovuti. Itumie mashine yenyewe:

`ubuntu-bug linux`

Hiyo ni kwa matatizo ya kerneli: Wi-Fi, sauti, kulala. Kwa mengine weka jina la kifurushi badala ya `linux`. Hujui ni kifurushi gani? Ukijua faili la programu, `dpkg -S` ikifuatwa na njia ya faili hilo itakutajia. Amri ya `ubuntu-bug` hukusanya matoleo ya vifurushi, kumbukumbu na maelezo ya vifaa, kisha hukufungulia kivinjari. Soma kinachotumwa kabla ya kukubali.

Mashine isiyo na intaneti, mfano ile ambayo Wi-Fi ndiyo iliyokufa, inaweza kuhifadhi ripoti kwenye faili:

`apport-cli -f -p linux --save hitilafu.apport`

Beba faili hilo kwa flashi hadi kwenye Ubuntu nyingine yenye mtandao, uitume kwa `ubuntu-bug hitilafu.apport`.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na hilo huwatisha wengi bila sababu. Anayesoma mara nyingi naye si Mwingereza. Sentensi fupi, kitendo kimoja kwa sentensi, zinatosha na zinapendwa. Yanayotakiwa kuwemo ni haya: ulifanya nini, hatua kwa hatua, ulitegemea nini, kilitokea nini, hutokea kila mara au mara ngapi kati ya ngapi, na toleo lililopita lilifanyaje.

Tofauti iko hivi. Mtu mmoja anaandika, "Sauti haifanyi kazi, tafadhali rekebisheni." Mwingine anaandika: "Nimefunga kifuniko dakika kumi, mashine ikiwa kwenye betri. Nilipofungua, spika hazitoi sauti. Vipokea sauti vya waya vinatoa. Imetokea mara 2 kati ya 10. Kwenye 23.10, mashine hiihii, mara 0 kati ya 10. Kuwasha upya kunarudisha sauti." Ya pili inaweza kurekebishwa na mtu ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo. Namba hizo mbili, 2 kati ya 10 na 0 kati ya 10, zimemgharimu mwandishi zaidi ya saa tatu za kufunga na kufungua kifuniko, na ndizo zinazobeba ripoti nzima.

Hitilafu moja, ripoti moja. Ukiweka tano pamoja, kila mtaalamu atadhani ni za mwenzake.

Kwanza lakini tafuta kama imesharipotiwa, na soma orodha ya kasoro zinazojulikana kwenye maelezo ya toleo. Ukiikuta, usifungue mpya. Bonyeza kwamba inakuhusu na wewe: hitilafu iliyothibitishwa na zaidi ya mtu mmoja, Launchpad huihamisha yenyewe kutoka "New" kwenda "Confirmed". Mbonyezo wako mmoja umeitoa kwenye foleni ya mambo ambayo pengine mtu kaota.

Yale yaliyokwenda vizuri nayo yana mahali pake. Ubuntu ina tovuti ya majaribio ya diski, ambayo mwaka 2024 ilikuwa iso.qa.ubuntu.com, na humo kuna orodha ya majaribio kwa kila diski ya kila ndugu wa Ubuntu. Chagua jaribio, lifuate kama lilivyoandikwa, uweke alama ya kufaulu au kushindwa pamoja na namba za hitilafu ulizoripoti. Ndugu wadogo mara nyingine huwa na safu nzima tupu hadi siku za mwisho. Kuzijaza ni msaada ambao timu zao watauona siku hiyohiyo.

Baada ya hapo, jibu barua pepe

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapofia. Mhandisi atauliza kitu: jaribu kerneli hii, tuma matokeo ya amri ile. Ripoti itawekwa "Incomplete", na ikikaa siku 60 bila jibu hujifunga yenyewe. Nimewahi kupoteza moja namna hiyo, ya modemu, kwa kuwa barua pepe za Launchpad nilizielekeza kwenye anwani nisiyoifungua. Tumia anwani unayoisoma. Ukiombwa kitu usichokielewa, sema hukielewi, uombe hatua. Wanajibu kwa upole.

Ukiambiwa imerekebishwa, sasisha, rudia vilevile vitendo vya kwenye daftari, kisha andika mstari mmoja kwamba imepona, au haijapona, ukitaja toleo la kifurushi.

Siku ya toleo kamili huna haja ya kusakinisha upya. Beta iliyosasishwa kwa `sudo apt update` na `sudo apt full-upgrade` ndiyo hilohilo toleo kamili. Hakikisha kwa `cat /etc/os-release`. Ila kama wakati wa majaribio uliwasha hazina ya "proposed", ile ya vifurushi ambavyo bado vinapimwa, izime kabla hujaikabidhi mashine kwa mtu mwingine. Kisha funga kifuniko dakika kumi, ikiwa kwenye betri, ufungue, usikilize kama spika zinatoa sauti.